Kosa Linaporudiwa na Wengi: Tukichunguze Chombo Kabla ya Kumlaumu Mtu

Katika maparokia yetu mengi, matangazo ya mwisho wa Misa siku hizi huambatana na namba ya malipo. Zaka, michango ya ujenzi na sadaka za shukrani hutumwa kwa simu ya kiganjani, na waamini wengi wameupokea urahisi huo kwa furaha. Hata hivyo, wapo ndugu zetu, hususan wazee, ambao kila tangazo la namna hiyo huwaongezea unyonge. Hubonyeza tarakimu moja moja, menyu hufungwa kabla hawajamaliza kusoma, huanza upya, hukosea tena, na mwishowe humkabidhi kijana aliye karibu simu pamoja na namba ya siri. Ukiwauliza, jibu lao ni lilelile: "Mambo haya yamenishinda, mimi ni mtu wa zamani."

Ndugu msomaji, tunapenda kuonesha katika makala hii kwamba hukumu wanayojitolea wazee hao mara nyingi si ya haki. Mtu mmoja akikosea mara moja, huenda ni haraka au uzembe wake. Watu wengi wanapokosea kwa namna ileile na mahali palepale, busara inatudai tukichunguze kwanza chombo walichopewa. Ipo taaluma nzima iliyojengwa juu ya wazo hilo, nayo huitwa usanifu wa uzoefu wa mtumiaji. Taaluma hiyo huchunguza jinsi mtu anavyokutana na chombo: anaona nini kwanza, anaelewa nini, anabonyeza wapi, anaambiwa nini baada ya kubonyeza, na akikosea anarudije. Haihusu kompyuta na simu peke yake. Mlango wenye mkono wa kuvuta ilhali unapaswa kusukumwa nao ni suala la taaluma hiyo, sawasawa na fomu, swichi ya taa na karatasi ya kura.

Swichi mbili zilizofanana

Wazo hili lilikua kwa kasi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Jeshi la anga la Marekani lilikuwa na fumbo gumu: marubani wenye ujuzi, waliorudi salama kutoka katika hatari za vita, walitua vizuri kabisa, kisha ndege ikiwa bado inakimbia juu ya ardhi wakayakunja magurudumu yake wenyewe. Ndege ililala kwa tumbo na kuharibika. Taarifa za ajali ziliandika kwamba ni kosa la rubani, na suala likafungwa.

Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis aliombwa alichunguze jambo hilo. Badala ya kuanza na tabia za marubani, aliingia ndani ya ndege na kutazama pale walipokaa. Katika ndege ya B-17 na nyingine kadhaa, swichi ya magurudumu na swichi ya flapu, yaani vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoteremshwa wakati wa kutua, zilikuwa zimewekwa bega kwa bega na zilifanana. Rubani aliyechoka alipotaka kurudisha flapu, mkono wake uliangukia swichi jirani. Chapanis aliona pia kwamba katika ndege ya C-47 vitu hivyo viwili viliwekwa mbali na viliendeshwa kwa namna tofauti, na ajali za aina hiyo hazikutokea. Hawakuwa marubani waangalifu zaidi kuliko wenzao. Walikuwa wamepewa chombo kilichopangwa vizuri zaidi.

Tiba yake ilikuwa ndogo na ya bei nafuu: gurudumu dogo la mpira liliwekwa kwenye swichi ya magurudumu, na kipande chenye umbo la kabari kwenye swichi ya flapu, ili mkono uweze kutambua hata gizani. Mwaka 1947 wanasayansi wengine wawili, Paul Fitts na Richard Jones, walichambua matukio 460 yaliyokuwa yameitwa makosa ya marubani, wakaonesha jinsi makosa mengi yalivyotokana na mpangilio wa vyombo vyenyewe. Hadi leo kanuni za ndege za abiria nchini Marekani zinataka kishikio cha magurudumu kiwe na umbo la gurudumu, na kile cha flapu kiwe na umbo la flapu. Kanuni ya kwanza tunayojifunza hapa ni hii: vitu vyenye kazi tofauti vitofautishwe waziwazi, hasa pale ambapo kuvichanganya kuna madhara.

Taa iliyosema nusu ya ukweli

Mfano wa pili unatoka katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979. Baada ya hitilafu ya kawaida, vali moja ilifunguka ili kupunguza mgandamizo ndani ya mfumo, nayo ilipaswa kujifunga yenyewe muda mfupi baadaye. Haikufunga. Maji ya kupoozea kinu yaliendelea kutoka kwa zaidi ya saa mbili.

Kwenye ubao wa vidhibiti kulikuwa na taa ya vali hiyo. Taa ilikuwa imezimika, na wahudumu wakaelewa kwamba vali imefungwa. Kumbe taa hiyo haikupima hali ya vali. Ilionesha tu kwamba amri ya kuifunga imetolewa. Wakati huohuo, zaidi ya ving'ora 100 vililia katika dakika za mwanzo, vikubwa na vidogo kwa pamoja, bila njia ya kunyamazisha visivyo na uzito ili vyenye uzito visikike. Wahudumu walipunguza maji ya dharura wakidhani mfumo umejaa, na takriban nusu ya kiini cha kinu ikayeyuka.

Tume iliyoundwa na Rais wa Marekani, chini ya uenyekiti wa John Kemeny, ilitoa taarifa yake Oktoba 1979. Haikuficha makosa ya wahudumu, lakini iligusa pia mafunzo yao, miongozo waliyopewa na chumba chenyewe cha udhibiti. Mmoja wa wanasaikolojia waliohusika katika kuchunguza tukio hilo alikuwa Donald Norman, ambaye mwaka 1988 alichapisha kitabu kuhusu saikolojia ya vitu vya kila siku, na katika miaka ya 1990, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Apple, akalieneza jina la uzoefu wa mtumiaji.

Kanuni ya pili basi ni ukweli wa mrejesho. Chombo kimwambie mtu kilichotokea, wala kisiishie kumwambia alichoamuru. Tofauti hiyo si ya wataalamu wa nyuklia tu. Muumini anayetuma mchango na kupata ujumbe kwamba ombi lake linashughulikiwa bado hajui kama fedha zimefika. Asipopata jibu lililo wazi atatuma mara ya pili, kisha atalaumiwa kwa kutuma mara mbili.

Nia njema isiyotosha

Huenda mtu akafikiri kwamba vyombo vibaya huundwa na watu wasiojali. Historia inatufundisha vingine. Katika uchaguzi wa Rais wa Marekani wa tarehe 7 Novemba 2000, msimamizi wa uchaguzi wa Palm Beach, katika jimbo la Florida, aliwafikiria wazee wengi wa eneo lake. Alitaka majina ya wagombea yaandikwe kwa herufi kubwa ili wayasome bila shida. Kwa kuwa wagombea walikuwa kumi, herufi kubwa hazikutosha katika ukurasa mmoja. Majina yakagawanywa kurasa mbili zinazotazamana, na matundu ya kutoboa yakapangwa katikati, mstari mmoja.

Matokeo yake yalikuwa mkanganyiko. Al Gore alikuwa wa pili kwenye ukurasa wa kushoto, lakini tundu lake lilikuwa la tatu. Tundu la pili lilikuwa la Pat Buchanan, aliyekuwa wa kwanza kwenye ukurasa wa kulia. Aliyesoma kwa kushuka upande mmoja, kama tunavyosoma sote, aliweza kwa urahisi kumpigia kura mtu asiyemkusudia. Buchanan alipata zaidi ya kura 3,400 katika eneo hilo, na kura zaidi ya 19,000 ziliharibika kwa kutobolewa zaidi ya mara moja. Watafiti waliochapisha uchunguzi wao mwaka 2001 walionesha kwamba zaidi ya wapiga kura 2,000 waliomkusudia Gore walimpa Buchanan kura yao. Katika jimbo zima la Florida, George W. Bush alishinda kwa tofauti ya kura 537, na jimbo hilo ndilo lililoamua nani awe Rais.

Wahenga wetu walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyepanga karatasi ile aliitazama akiwa anajua tayari kila jina liko wapi. Mpiga kura aliikuta kwa mara ya kwanza, akiwa amesimama, watu wakisubiri nyuma yake. Kanuni ya tatu, ambayo pengine ndiyo mama wa nyingine zote, inatudai tukijaribu chombo kwa wale watakaokitumia, kabla ya siku ya kukitumia, huku tukiwatazama bila kuwasaidia. Jaribio hilo halihitaji umati. Jakob Nielsen, mtaalamu kutoka Denmark, alieleza mwaka 2000 kwamba kuwatazama watu watano tu wakitumia kitu hutosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro zake.

Walipowatazama watu

Tunao mfano mzuri wa kanuni hiyo hapa kwetu Afrika Mashariki. Huduma ya M-Pesa ilipojaribiwa nchini Kenya kuanzia Oktoba 2005, lengo lake halikuwa kutuma fedha nyumbani. Ilikusudiwa kuwawezesha wateja wa taasisi ya mikopo midogo kulipa marejesho yao kwa simu. Waliosimamia jaribio walifuatilia kwa makini jinsi watu walivyoitumia, na walichokiona hakikuwa kile walichokipanga. Wapo walioweka fedha kwa wakala jioni ili zisilale nyumbani. Wapo walioweka mahali pamoja kabla ya safari na kutoa walikofikia, wasije wakaibiwa njiani. Wapo waliowatumia wengine fedha.

Wangeweza kusema kwamba wateja hawakuelewa maelekezo. Badala yake, walirahisisha huduma na kuijenga juu ya kile ambacho watu walikihitaji. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, ujumbe wake ulikuwa mmoja na mwepesi: tuma fedha nyumbani. Mwaka uliofuata huduma hiyo ilianza pia Tanzania, na historia yake inafahamika.

Marekebisho hayakuishia hapo. Kwa miaka mingi kutuma fedha kwa namba isiyo sahihi kulikuwa chanzo cha machozi na ugomvi. Leo mifumo mingi humwonesha mtumaji jina la mpokeaji kabla ya muamala kukamilika, na hivyo humpa nafasi ya kusita. Hiyo ndiyo kanuni ya nne: zuia kosa kabla halijatokea, na pale ambapo haliwezi kuzuiwa, weka njia ya kurudi.

Bado kuna kazi ya kufanya. Huduma zinazopatikana kwa kupiga namba yenye nyota na reli zina mipaka ya kiufundi: ujumbe mmoja wa menyu hauzidi herufi 182, na menyu hufungwa ikikaa kwa muda mfupi bila kujibiwa. Kijana huona muda huo unatosha. Mzee anayetafuta miwani, akasoma neno kwa neno, hufungiwa mlango usoni. Katika hali hiyo haielekei kuwa haki kumwita mtu wa zamani. Muda huo ulipimwa kwa macho ya mtu mwingine.

Urahisi unaogeuzwa mtego

Hadi hapa tumezungumzia makosa yasiyokusudiwa. Lipo jambo zito zaidi, nalo ni pale ambapo elimu hii hii inatumika kumtega mtu. Anayejua jicho linaangukia wapi anaweza kulielekeza mahali panapomfaa yeye. Kitufe cha kukubali hupakwa rangi inayong'aa, na neno la kukataa huandikwa kwa herufi hafifu pembeni. Kujiunga huchukua sekunde chache, kujitoa huhitaji safari ndefu. Kisanduku cha ridhaa huwa kimekwisha kuwekewa alama kabla mtu hajasoma. Mwaka 2010 Harry Brignull, mtaalamu wa Uingereza, alianza kuzikusanya hila hizo na kuzianika hadharani. Tarehe 1 Oktoba 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kisanduku kilichowekewa alama tayari hakihesabiki kuwa ridhaa ya mtu kufuatiliwa katika intaneti.

Mintarafu jambo hili, tunawahimiza waamini wawe macho, hususan na programu za mikopo ya haraka zinazoomba ruhusa ya kuona majina na namba zote zilizohifadhiwa kwenye simu. Ruhusa inayoombwa kwa haraka, kwa maneno marefu na kitufe kimoja kikubwa, haijaombwa kwa nia ya kueleweka. Ukiona hivyo, una haki ya kusimama, kusoma na kukataa.

Yanayotuhusu parokiani

Pengine mtu atauliza: haya yote yanatuhusu nini sisi, ambao hatutengenezi ndege wala programu? Yanatuhusu sana, kwa sababu kila ofisi ya parokia, kila kamati na kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo huandaa vitu vitakavyotumiwa na wengine. Tunapendekeza mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, namba ya malipo iandikwe kwa herufi kubwa, tarakimu zikigawanywa makundi mafupi, na chini yake liandikwe jina linalopaswa kuonekana kwenye simu kabla ya kuthibitisha. Iongezwe sentensi moja: jina jingine likitokea, usiendelee. Namba ya zaka na namba ya ujenzi zisibandikwe pamoja kama mapacha. Zitenganishwe kwa rangi na kwa mahali, tukikumbuka zile swichi mbili za ndege.

Pili, fomu za ubatizo, ndoa na mafundisho zitumie maneno ambayo mzazi anayatumia, ziache nafasi ya kutosha kwa majina matatu, na zisiulize jambo lilelile mara mbili. Kabla ya kuchapisha nakala mia tano, wapewe waamini watano wa rika na elimu tofauti wazijaze, na mtunzaji atazame kimya pale wanaposita. Penye kusita ndipo pa kusahihisha.

Tatu, anayetoa apate jibu. Mhazini au katibu athibitishe kwamba mchango umefika, kwa ujumbe au kwa risiti, ili asiyeona fedha zikiingia kwenye kapu asibaki na mashaka.

Nne, njia ya bahasha iendelee kuwapo, na itangazwe kwa heshima ileile. Asiye na simu, au asiyeiona vizuri, asilazimike kujieleza mbele ya watu.

Tano, vijana wanaowasaidia wazee wafundishwe kusaidia bila kuchukua. Mzee ashike simu yake mwenyewe, kijana amsomee menyu na kumwelekeza, na inapofika namba ya siri kijana ageuze uso. Msaada wa namna hiyo huchukua dakika zaidi, lakini humwacha mzee na fedha zake na heshima yake. Iwapo menyu itafungwa, kijana amweleze ukweli kwamba mfumo una haraka, na waanze upya pamoja.

Tunatambua kwamba si kila tatizo ni la chombo. Uzembe upo, na mafunzo yana nafasi yake. Lakini mpangilio wa maswali una maana kubwa. Anayeanza kwa kuuliza ni nani aliyekosea humpata mtu wa kulaumu, na kesho kosa hurudi kwa jina la mtu mwingine. Anayeanza kwa kuuliza ni kitu gani kilichomfanya akosee anaweza kupata gurudumu dogo la mpira la kubandika kwenye swichi, na kosa likaisha kwa wote watakaomfuata.

Basi, Jumapili ijayo, kabla bango jipya la michango halijabandikwa mlangoni mwa kanisa, tumwombe kwanza mama mmoja mzee alisome kwa sauti na kujaribu kulifuata. Tukae kando, tunyamaze, tumtazame. Akifika mwisho bila kuuliza, libandikwe. Akikwama, tumshukuru, kisha turudi mezani tukalirekebishe bango.